Nusu ya Pili ya Tiketi ya Wawili

Mlionisumbua wiki nzima mkitaka kujua sauti ile ilikuwa ya nani, haya, kaeni vizuri. Jibu ninalo, na halitawafurahisha.

Tulimwacha Pindo kwenye dirisha la tiketi pale uwanjani. Na wewe uliyekuwa safarini wiki jana usilie, nakukumbusha upesi. Pindo ni fundi cherehani, mke halali wa Fundi Baridi, yule bwana anayetengeneza mafriji. Siku ya kufua alitia mkono kwenye mfuko wa ovaroli la mumewe akatoka na nusu ya tiketi ya tamasha la muziki.

Nusu! Tiketi za wawili ziliuzwa hivyo. Mnaichana katikati, wewe unabaki na yako, mpenzi wako na yake, na langoni mnaziunganisha ndipo mnaingia. Pindo hakuwa na nusu yoyote. Hata habari za tamasha alizisikia kwa majirani.

Bahati yake, tamasha likafutwa kabla halijaanza. Jukwaa lilititia upande mmoja. Mwandaaji, ambaye watu humwita Bwana Shangwe, akatangaza kuwa pesa zitarudishwa, lakini tiketi za wawili zina sharti: zije nusu mbili na watu wawili. Mwenye nusu moja namba yake itatangazwa kwenye kipaza sauti, na mwenzake aje.

Pindo aliposikia hivyo aliona mlango umejifungua wenyewe. Akaichukua ile nusu kimyakimya, akaja nayo mpaka dirishani. Pesa hakuzitaka hata kidogo. Alitaka mwenye nusu ya pili atembee kwa miguu yake mwenyewe, aje asimame mbele yake, amwone.

Karani akatangaza namba. Na nyuma ya Pindo sauti ya kike ikaitika:

"Nipo!"

Pindo aligeuka na mikono tayari imetangulia. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye miwani nyeusi inayofunika nusu ya uso, viatu virefu, blauzi ya kung'aa. Hakumuuliza jina wala kabila. Alimkamata kola.

"Kumbe ni wewe!"

"Mimi nani?" akapiga kelele yule mwanamke.

"Wewe unayenilia mume wangu!"

"Mume wako yupi? Mama, niachie! Blauzi ya kuazima hii!"

"Ungeazima blauzi tu nisingesema neno! Mume nani kakuazima?"

Foleni nzima ikageuka. Wengine walitoa simu wapige picha. Karani, dada mmoja mwenye kucha ndefu kama vijiko, akagonga kioo kwa ukucha.

"Jamani, piganeni huko. Hapa leteni nusu."

Zikawekwa mezani. Ya Pindo huku, ya yule mwanamke kule. Karani akazisogeza, akazigeuza, akazisogeza tena. Akatikisa kichwa.

"Haziendani. Zimechanwa tofauti. Na namba ya huyu wa miwani inaishia na saba, yako wewe na moja."

Pindo akaachia kola. Aibu ilimpanda kutoka miguuni.

"Sasa uliitikia nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Spika zao zinakwaruza, nasikia namba nusunusu," akajibu yule mwanamke akijikung'uta. "Kila inayofanana na yangu naitika. Mwenzangu alizima simu siku ileile tamasha lilipofutwa. Namtafuta."

"Pole."

"Pole ya nini? Umenivunjia kifungo."

"Nitakishona."

"Utakishona leo. Kesho narudisha blauzi."

Basi wakaenda kukaa kwenye ukingo wa saruji chini ya paa la jukwaa la watazamaji, na Pindo akatoa sindano na uzi pochini. Fundi hatembei bila sindano. Kuanzia hapo tutamwita yule mwanamke Miwani, maana hakuivua hata kivulini.

"Unaona wale wanaume?" Miwani akanong'ona huku akishonwa.

Pindo akatazama. Ukutani walijipanga wanaume wengi, kofia zimeshushwa mpaka puani. Mmoja alijifunika uso kwa gazeti, na gazeti lenyewe kalishika kichwa chini.

"Kila mmoja ana nusu mfukoni," Miwani akasema. "Na hakuna anayesogea dirishani. Nani atangazwe namba, halafu atokee binti asiyejulikana nyumbani? Bwana Shangwe si mjinga. Sharti lile halikuwepo siku tuliponunua. Amelitunga baada ya jukwaa kutitia. Anajua aibu ni kufuli, na pesa zote zitabaki kwake."

"Zibaki tu," akasema Pindo.

"Wee! Zibaki?"

"Sharti hilo ndilo litakaloniletea yule mwizi. Akitaka chake atajitokeza tu. Nami nipo."

Miwani alimtazama juu ya miwani, akaguna.

Tangu alipoingia uwanjani, Pindo alikuwa akilia ngoa, wivu mtupu, bila machozi. Kila mwanamke aliyepita langoni alimpima kwa macho kama mteja. Huyu mabega mapana, siye. Huyu mnene kupita kiasi, Baridi hapendi. Huyu mwembamba, kiuno cha nyigu... huyu anaweza kuwa ndiye. Alimchukia yule wa kiuno cha nyigu mpaka alipomwona amemshika mkono mumewe na mtoto mgongoni. Akatafuta mwingine wa kumchukia.

Mnacheka? Chekeni. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku utakapokuta kitu mfukoni mwa ovaroli lako utanikumbuka.

Mara watu wakaanza kusogea katikati ya uwanja. Mwanamke mmoja alikuwa amepanda juu ya kreti la soda. Suti ya buluu, nywele zimebanwa nyuma, sauti imenyooka.

"Mimi ni afisa wa haki za wateja," akasema. "Tamasha likifutwa, mwenye tiketi anarudishiwa chake. Muuzaji hana ruhusa ya kuleta sharti jipya baada ya kupokea pesa yako. Nusu ulizonazo zilikuwa za kuingilia langoni. Hakuna mahali palipoandikwa kuwa mtakuja wawili kudai."

Wanaume wa ukutani walipandisha kofia kidogo.

Pindo alimpenda yule afisa papo hapo, lazima niseme ukweli. Alipenda anavyosimama bila kutapatapa. Alipenda hata ile sketi, pindo lake limeshonwa kwa mkono, halionyeshi uzi hata mmoja. Alijisemea moyoni, mwanamke mwenzangu huyu kafunzwa.

Bwana Shangwe akaja mbio, shati jeupe limemganda mgongoni kwa jasho.

"Afisa, karibu sana! Lakini mbona hatukuambiana? Hapa hakuna mwenye malalamiko. Waulize!"

"Nitawauliza," akasema afisa. Akageukia umati. "Nahitaji mtu mmoja tu. Mtu aliyefika dirishani na nusu yake akakataliwa. Aseme kwa mdomo wake mbele ya mashahidi, inatosha. Hapo ndipo nitakuwa na nguvu ya kuamuru. Nani?"

Macho yakaelekea ardhini.

"Hakuna aliyekataliwa?"

Mtu akakohoa. Mwingine akainama kufunga kamba za viatu, naye alivaa ndala. Yule wa gazeti akalifunua ukurasa wa ndani kabisa.

Bwana Shangwe akatabasamu meno yote. "Nilikwambia! Na tena nikueleze, dada afisa, sharti langu linalinda ndoa za watu. Wanawake wote hapa wanaliunga mkono. Wewe, mama, njoo! Njoo useme!"

Alikuwa akimnyooshea kidole Pindo. Alishaona vurugu ya dirishani, akajua ameokota dhahabu. Kipaza sauti kikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kikamfikia.

Pindo hakuwahi kushika kipaza sauti maishani mwake. Alikishika kama anashika mwiko.

"Sharti lisiondoke!" akasema, na sauti yake ikarudi kutoka pande zote za uwanja, ikamtia moyo. "Waje wote wawili! Aliyenunua na mwenzake! Kama walichana pamoja, waunganishe pamoja, tuwaone!"

Wanawake wakapiga vigelegele. "Waje! Waje!" Wanaume wa ukutani wakashusha kofia mpaka kidevuni.

Afisa akashuka kwenye kreti, akamfuata. Hakuwa na hasira. Akamsogelea, akasema polepole:

"Dada yangu, nani kakukosea?"

"Hakuna," akajibu Pindo haraka. "Nasema tu. Kuna watu wanaibiwa waume."

"Najua. Mimi nilishachezewa hivyo zamani, nikalia mpaka nikakonda. Siku hizi mwanaume mwenye mke simtaki hata aniletee nyota mkononi. Naulizia kwanza." Akamshika mkono. "Lakini dirisha la tiketi si mahali pa kufumania watu. Unalolitetea hapa linamnufaisha yule mwenye shati la jasho peke yake."

Maneno yalimwingia Pindo, lakini wivu ulikuwa umeshakaa kwenye kiti cha mbele. Akautoa mkono wake.

"Lisiondoke," akasema tena.

Wakati ule mzee mmoja, kinyozi wa sokoni, alikuwa amefika dirishani. Alivaa koti lililopigwa pasi vizuri. Karani alikuwa na kipaza sauti chake wazi, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Nusu?"

"Zote mbili hizi hapa, binti yangu."

"Vizuri. Na mwenzako yuko wapi?"

"Nimemzika."

Karani aliacha kutafuna alichokuwa akitafuna.

"Alipenda sana muziki," mzee akaendelea, kama anayeomba radhi. "Ndiye aliyetaka twende. Nusu yake nimeikuta kwenye pochi yake. Nusu zote ninazo. Mtu ndiye sina."

Karani akamtazama Bwana Shangwe. Bwana Shangwe akajikuna shingo.

"Sharti ni watu wawili, mzee wangu. Nikianza na wewe, wote watanijia na makaburi. Karani, mpe vocha ya mwakani."

"Mwakani nije na nani?" akauliza mzee.

Mzee akaziangalia zile nusu, akazisukuma taratibu mpaka upande wa karani.

"Baki nazo. Marehemu hakupenda ugomvi."

Akageuka, akaanza kuuvuka uwanja kuelekea langoni, koti lake limenyooka mgongoni.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo Pindo alipobadilika, na kama mlidhani ni huruma mmekosea. Ulikuwa wivu. Alimwonea wivu marehemu. Mwanamke aliye chini ya ardhi alikuwa na mume anayeitunza nusu yake, anayesimama mbele ya watu na kusema mtu ndiye sina. Yeye Pindo, mzima, anapumua, mumewe kaigawa nusu yake kwa mtu mwingine. Ulimchoma mpaka akaona giza. Na katika giza lile akamwona Bwana Shangwe akifuta jasho, ametulia, anahesabu aibu za watu kama mapato. Na yeye ndiye aliyetoka kumpigia debe sasa hivi!

"Mzee, rudi!" akasema kwenye kipaza sauti. "Rudi! Nalalamika!"

Bwana Shangwe akaruka. "Mama, si umesema sasa hivi lisiondoke?"

"Nilisema. Nimekosea. Mshono ukienda upande unafumuliwa, haulazimishwi."

Afisa alikuwa ameshapanda kreti lake. "Sema kwa sauti, dada. Umekuja na nini, umekataliwa nini?"

"Nimekuja na nusu ya tiketi. Tamasha halikupigwa. Nimefika dirishani nikaambiwa sipewi kitu mpaka nisimame na mtu. Nalalamika kwa ajili yangu, na kwa ajili ya yule mzee ambaye hataki kulalamika."

"Uongo!" akafoka Bwana Shangwe. "Tiketi hiyo si yake! Muulizeni ni ya nani! Muulizeni!"

Afisa akamgeukia.

"Nyuma ya tiketi kampuni yako imeandika kwamba anayeishika ndiye mwenyewe," akamwambia Bwana Shangwe. Kisha kwa Pindo, kwa upole: "Lakini tuifunge hoja yake. Ni ya nani, dada yangu?"

Pindo akaufungua mdomo.

Kusema "ya mume wangu" kulikuwa rahisi, maneno matatu tu. Lakini macho yale yote! Zile simu zilizoinuliwa! Kesho sokoni, keshokutwa kanisani na msikitini, mteja akija kupimwa kiuno atamtazama kwa jicho la huruma. Mke wa Baridi kaachiwa nusu. Na tena aseme mbele ya afisa huyu mzuri, nadhifu, ambaye hakuna mwanaume anayeweza kumchezea? Hapana. Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Ya kaka yangu," akasema Pindo. "Kanituma."

Miwani alipaliwa na mate. Alikohoa mpaka akapigwa mgongoni na mtu asiyemjua. Lakini alikuwa mwanamke mwenye utu, kifungo chake kimeshonwa, akafunga mdomo.

"Basi imekwisha," afisa akasema. "Malalamiko nimeyapokea. Nani mwingine?"

"Na mimi!" akaita Miwani, akinyoosha nusu yake juu. "Mwenzangu kanikimbia. Nimekataliwa madirisha yote!"

"Na mimi," ikasema sauti moja kutoka ukutani, nzito, imejificha chini ya kofia.

"Na mimi."

"Na mimi, ila msipige picha!"

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichovunja kufuli. Kofia zikaanza kuvuka uwanja kwenda madirishani. Yule wa gazeti alilikunja, akaliweka kwapani, akatembea kama mtu.

Bwana Shangwe akajaribu mara ya mwisho. "Afisa, tukae ofisini tuzungumze. Kuna soda baridi."

"Fungua madirisha yote," akajibu afisa. "Anayeleta nusu apewe nusu, anayeleta mbili apewe mbili, na hakuna kutangaza namba tena. Ukikataa, naamuru akaunti ya tamasha ifungwe leo hii, na spika zako zile zilizofunikwa turubai zitalala hapa mpaka kesi iishe. Chagua."

Bwana Shangwe aliziangalia spika zake. Akachagua.

Wa kwanza kulipwa alikuwa yule mzee kinyozi. Watu walimrudisha kwa kumsindikiza mpaka dirishani. Akapokea haki yake, akaomba arudishiwe zile nusu mbili akae nazo. Karani, ambaye kwa utaratibu alitakiwa kuzitoboa, alizitazama, akampa bila kuzitoboa. Miwani akafuata, akapokea, akambusu Pindo mashavu yote mawili na kumwachia rangi ya mdomo.

"Umetutoa kifungoni," akasema. "Lakini mwenzangu, kaka?"

"Nyamaza."

"Nimenyamaza."

Pindo alisimama pale na nusu yake mkononi, watu wanampongeza, wanamwita shujaa, na moyoni mwake mlikuwa na shimo. Alikuwa amemfungulia yule mwizi mlango wa nyuma. Wakati huu huu, pengine katika dirisha la pembeni, kidole chenye rangi ya kucha kilikuwa kinasukuma nusu ya pili, kinapokea pesa, kinaondoka. Hatamwona tena. Baridi atarudi jioni na ovaroli lake, atauliza chakula kiko wapi, naye atampakulia. Na kila akimtazama atakuwa anamwona yule mwingine asiye na sura.

"Dada yangu shujaa!" Ni afisa. Alimshika kiwiko, uso wake umefunguka kwa furaha. "Njoo twende wote dirishani. Tuhakikishe hawatuchezei shere. Na mimi nina langu."

"Lako lipi?" Pindo akauliza.

Afisa akacheka, akaona haya kidogo kama msichana. "Mimi si mteja pia? Nilinunua tamasha kama watu. Lakini nitalalamikaje kwenye jambo ninaloliamua mwenyewe? Wangesema najipendelea. Ndiyo maana nilikuwa naomba mtu mwingine asimame, hata mmoja. Mungu akakuleta wewe."

Akafungua pochi. Akatoa nusu ya tiketi, akaiweka mezani mbele ya karani.

Pindo aliisoma namba ile kabla karani hajaigusa. Alikuwa amelala nayo, ameamka nayo, ameisema kimoyomoyo akipiga pasi. Inaishia na moja.

Mkono wake, ambao hakuutuma, ukaiweka nusu ya mumewe kando ya ile ya afisa. Zilikutana. Kila jino la mchano liliingia kwenye pengo lake, hata herufi iliyokatika katikati ikawa nzima.

Karani akainua macho. Miwani, nyuma yao, akaivua miwani yake kwa mara ya kwanza siku ile.

Huyu? Huyu aliyemshika mkono? Mwenye pindo lisiloonyesha uzi? Pindo alimtazama shingo, akajua hasa pa kukamata. Vidole vilikuwa vimeshajikunja.

Na afisa, badala ya kurudi nyuma, akapiga kofi la furaha.

"Wifi!"

Akamkumbatia. Akamkumbatia kwa nguvu, kwa mikono yote miwili, mbele ya foleni nzima.

"Jamani, wifi yangu! Kumbe ni wewe! Aliniambia nusu yake imempotea, kumbe kakutuma wewe uje! Si umesema ni ya kaka yako? Mbona sikukutambua? Sauti yako niliwahi kuisikia kwenye simu yake, nikamuuliza ni nani huyo. Akaniambia ni dada yake, fundi cherehani, anaishi naye."

Uongo wa mume na uongo wa mke ulikuwa umekutana shingoni mwa Pindo, na haukuacha hata nafasi ya kupitisha wembe. Alibanwa katika kumbatio lile asijue pa kuweka mikono.

"Akakuambia nini tena?" akauliza. Sauti yake ilitoka kavu.

"Wifi, pole sana kwa yaliyokukuta," afisa akasema kwa huruma ya kweli, akimpapasa mgongo. "Aliniambia uliachika. Ndiyo maana hawezi kunioa haraka, anasema hana pa kukupeleka. Mimi nikamwambia dada si mzigo, tutakaa naye. Nilimuuliza mara mbili, una mke? Akaniapia kwa mama yake mzazi."

Mama mkwe! Yule mwanamke anayekuja kila mwezi kulala kitandani mwa Pindo na kula mboga za Pindo!

Pindo akajitoa taratibu, akamwangalia usoni. Alimtafuta mwizi katika macho yale. Alimtafuta kwa bidii, maana alimhitaji, alikuwa amebeba ghadhabu yake tangu siku ya kufua na hakuwa na mwingine wa kumtwisha. Hakumpata. Palikuwa na mwanamke aliyeuliza kwanza, akajibiwa, akaamini. Wote wawili waliuziwa na muuzaji mmoja kitu ambacho hakipo.

Na bado wivu haukuondoka. Msidanganywe na wanaosema ukweli huponya. Ulikuwa palepale, ila sasa ulikuwa umegeuza uso kutafuta pengine pa kutazama.

"Na huyo anakuja!" afisa akasema, akapunga mkono juu. "Nilimpigia madirisha yalipofunguliwa. Nikamwambia njoo, hata bila nusu tutaona la kufanya."

Langoni alikuwa akiingia Fundi Baridi. Shati safi, ambalo Pindo alilipiga pasi asubuhi kwa mikono yake. Alimwona afisa, akatabasamu lile tabasamu ambalo nyumbani lilikwisha zamani, akaongeza mwendo.

Kisha akaona afisa amemshika nani mkono.

Mguu wake mmoja ulibaki nyuma ya mwingine. Akatazama lango alilotoka. Wanaume wa kofia walikuwa wameshalijaza, wanahesabu pesa zao, hakuna pa kupita.

"Njoo bwana, usione haya!" afisa akamwita akicheka. "Tumeshajuana!"

Pindo bado alikuwa na kipaza sauti. Hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya. Akakiinua mdomoni, na sauti yake ikatoka shwari, tamu, ikaujaza uwanja mpaka kwenye spika zilizofunikwa turubai.

"Karibu, kaka," akasema. "Wifi yangu huyu hapa. Mwambie mbele ya watu wote, harusi ni lini?"